UFUO WA QUITERAJO WATAKA MLINZI KABLA YA HOTELI

Katika wilaya ya Macomia, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, zipo sehemu mbili ambazo yafaa kila mpenda ukombozi wa Afrika azijue. Ya kwanza ni Chai, ambako tarehe 25 Septemba, 1964 zililia risasi za kwanza za vita vya ukombozi vilivyoongozwa na FRELIMO. Ya pili ni Quiterajo, tarafa ya pwani iliyo karibu na mdomo wa mto Messalo, yapata nusu ya njia baina ya mji wa Pemba na mpaka wa Ruvuma. Chai imeandikwa vitabuni. Quiterajo haijaandikwa sana, na pengine ndiyo sababu mambo yake yaweza kuamuliwa siku moja pasipo watu wengi kujua.

Leo twapenda kuizungumzia Quiterajo kwa ajili ya kiumbe asiye na bunduki wala kura, naye ni kasa. Tunajua wako watakaouliza askari ana habari gani na kasa, hasa katika jimbo ambalo tangu Oktoba 2017 limetiwa moto na magaidi, na ambalo karibu watu milioni moja walipata kuyahama makazi yao. Jibu letu ni kwamba suala la kasa, likichunguzwa vizuri, ni suala la ulinzi. Linahusu nani anasimama wapi, kwa amri ya nani, anakula nini, na akiondoka anamwachia nani lindo. Mambo hayo ndiyo tuliyofundishwa tangu siku ya kwanza katika chuo cha maofisa, na twaamini kwamba makosa yanayofanyika katika kulinda ufuo ni yale yale yanayofanyika katika kulinda mpaka.

KIUMBE NA UFUO WAKE

Kwanza tumwelewe kiumbe mwenyewe. Kasa wa kijani, ambaye ndiye anayeonekana zaidi katika pwani yetu, hupanda ufuoni usiku. Huchimba shimo kwa mapezi yake, akataga mayai yapatayo 100 au zaidi kidogo, akayafukia, akarudi baharini kabla hapajapambazuka. Hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha hukaa miaka miwili, mitatu au minne asipande tena. Mayai hukaa mchangani yapata miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua watoto watakaotoka wawe majike au madume. Wakisha kutoka, usiku, hutazama upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa maelfu ya miaka umekuwa ni upande wa bahari, nao hukimbilia huko.

Kati ya watoto hao wengi ni wachache mno wanaokua. Anayekua huchukua miaka 25 hadi 40 kabla ya kuwa mzazi, na hapo hurejea kutaga katika eneo lile lile la pwani alikozaliwa. Hapa ndipo penye hatari ambayo viongozi na wananchi wengi hawaioni. Kiota kinachoporwa mwaka huu hakitaonekana kuwa hasara mwaka huu wala mwaka ujao. Hasara itadhihirika baada ya miaka 30, wakati afisa aliyefumba macho amekwisha staafu na mwenye hoteli amekwisha uza hisa zake. Kosa la aina hiyo ni rahisi kulitenda, kwa kuwa mkosaji hayupo siku ya kulipa.

Mwenzake kasa wa kijani ni ng'amba, mwenye gamba la rangi ya kupendeza. Gamba hilo si bidhaa ya jana. Mabaharia wa Kiyunani walioandika habari za pwani ya Azania katika karne ya kwanza walilitaja miongoni mwa bidhaa zilizochukuliwa kutoka Rhapta. Kwa muda wa karibu miaka 2,000, basi, pwani yetu imekuwa ikiuza ng'amba kwa wageni. Leo biashara hiyo ya kimataifa imepigwa marufuku kwa mkataba wa CITES, lakini njia ya magendo haihitaji mkataba.

Katika funguvisiwa la Quirimbas, ambalo Quiterajo inalitazama, mahali palipojulikana zaidi kwa viota vya kasa ni visiwa vya Vamizi na Rongui, vilivyo kaskazini zaidi katika wilaya ya Palma. Lakini kasa haishi katika ramani ya wilaya. Kasa waliofungwa vyombo vya satelaiti katika visiwa vya Mlango wa Bahari wa Msumbiji, kikiwemo kisiwa cha Moheli cha Komoro, walifuatiliwa wakielekea kwenye malisho ya nyasi za bahari ya pwani ya Msumbiji na Tanzania. Kwa maneno mengine, kasa anayelindwa usiku kucha na wanakijiji wa Komoro aweza kufia katika wavu wa mvuvi wa Mtwara au Macomia. Hivyo mlinzi aliye peke yake katika kisiwa kimoja analinda nusu tu ya maisha ya kiumbe huyo.

SHERIA IPO, LINDO LI TUPU

Haiwezekani kusema kwamba Msumbiji haina sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 iliuhesabu ukanda wa mita 100 kutoka alama ya maji makuu kuwa eneo la hifadhi, ambalo mtu hapewi haki ya kudumu ya kulitumia. Amri ya serikali ya mwaka 2006 ilipiga marufuku magari kupita ufuoni na katika vilima vya mchanga. Sheria ya Maeneo ya Hifadhi ya mwaka 2014, iliyorekebishwa mwaka 2017, iliweka kifungo cha miaka 12 hadi 16 kwa anayeua mnyama aliyehifadhiwa. Upande wetu wa Ruvuma, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka pwani, na kasa analindwa na sheria za uvuvi. Wanasheria wetu wamefanya kazi yao.

Lakini tunajua sote kwamba sheria ni kama bendera juu ya kilima. Inaonyesha kilima ni cha nani, lakini haimzuii adui kukipanda. Anayezuia ni askari aliye katika handaki. Sasa tujiulize, katika pwani ya Quiterajo, handaki hilo lina nani? Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyoundwa mwaka 2002, ilivikusanya visiwa vya kusini vya funguvisiwa na eneo kubwa la bara, lakini Vamizi na Rongui vilibaki nje yake. Mtumishi mmoja wa serikali akipewa ufuo wa makumi ya kilomita pasipo mashua, pasipo mafuta wala redio ya mawasiliano, huyo hatuwezi kumwita mlinzi. Huyo ni shahidi, tena shahidi wa asubuhi, anayekuta shimo limekwisha fukuliwa.

Kadhalika, ile sheria ya mita 100 ina mlango wake. Haki ya kudumu haitolewi, lakini leseni maalumu yaweza kutolewa. Hatusemi leseni hizo ni haramu. Ziko kazi za lazima kama gati na mnara wa kuongozea meli. Twasema tu kwamba mahali ambapo hakuna anayejua viota viko wapi, mtoa leseni hana njia ya kujua anatoa nini. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufuo usiohesabiwa viota ni mali bila daftari.

FUNZO LA VAMIZI

Yako mambo mazuri yaliyofanyika, nayo tuyaseme. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa mradi uliojulikana kwa jina la Maluane. Ulihusu visiwa vya Vamizi, Rongui na Macaloe pamoja na kipande cha bara jirani na Quiterajo, sehemu yenye misitu ya pwani ambayo wataalamu wa mimea wamekuta humo miti isiyopatikana kwingi duniani. Fikra ya mradi ilikuwa rahisi: wageni wachache wenye fedha nyingi watalala katika nyumba chache, na fedha zao zitalinda kasa, matumbawe na wanyama. Huko Vamizi wenyeji waliajiriwa kupita ufuoni usiku, wakaweka alama za viota, wakahesabu nyayo na mayai. Watu ambao baba zao walikula mayai ya kasa wakawa ndio wanaoyalinda. Hilo ni jambo la heshima, na kila anayesema kwamba mvuvi wa pwani hawezi kufundishika basi aangalie kazi hiyo.

Kisha vita vilikuja. Quiterajo na vijiji vya jirani yake vilishambuliwa mara kadhaa tangu mwaka 2018, na wakazi wengi wakakimbia. Katikati ya misukosuko hiyo, tarehe 25 Aprili, 2019, kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo hiyo. Mwezi Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa, na ulikombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Septemba 2020 magaidi walivuka hadi kisiwani Vamizi wenyewe, wakachoma hoteli. Mwezi Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mgeni wa kitalii hawezi kulaumiwa kwa kutokuja mahali kama hapo.

Lakini angalia, ndugu msomaji, udhaifu uliofichuliwa na vita hivyo. Ikiwa mshahara wa mlinzi wa kasa unatoka katika kitanda cha mgeni, basi siku mgeni asipolala mlinzi hali. Msumbiji ina utaratibu mzuri wa kuwagawia wanavijiji asilimia 20 ya mapato yanayotokana na maeneo ya hifadhi. Utaratibu huo ni wa haki, nasi twaupongeza. Hata hivyo asilimia 20 ya sifuri ni sifuri. Katika miaka ambayo kasa alihitaji mlinzi zaidi, yaani miaka ya njaa, ya watu kuhamahama na ya ukosefu wa sheria, ndiyo miaka ambayo mfuko ulikuwa mtupu. Hakuna jeshi duniani linalowalipa askari wake kwa kadiri ya utulivu uliopo. Lingefanya hivyo lingevunjika siku ya kwanza ya mapambano.

MGENI NA TAA ZAKE

Tusije tukadhani, basi, kwamba kwa kuwa watalii wameondoka kasa wamepona. Na tusidhani kwamba watalii hawatarudi. Mwishoni mwa mwaka 2025 kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies ilitangaza kuondoa zuio iliyokuwa imeliweka tangu Aprili 2021 katika mradi wake wa gesi wa Afungi, wilayani Palma. Penye gesi pana mishahara, na penye mishahara pana watu wanaotafuta ufuo wa kupumzikia siku za mapumziko. Amani itakapotulia, na sote tunaomba itulie, wapima viwanja watafika kabla ya walimu.

Tumekwisha kuona mahali pengine jinsi jambo hili linavyokwenda. Kwanza hukatwa miti ya ufuoni ili mgeni aione bahari. Kisha hujengwa ukuta ili bahari isimfikie mgeni. Kisha huwekwa taa. Mtoto wa kasa anayetoka shimoni huona mwanga wa baa badala ya mwanga wa upeo wa bahari, akakimbilia huko, na asubuhi hukutwa amekufa njiani kwa jua, au ameliwa na kaa na kunguru. Hakuna aliyekusudia kumuua. Ameuawa na balbu. Aidha yako magari yanayoshindilia mchanga, viti vilivyoachwa usiku katika njia ya kasa jike, na makundi ya watu wenye tochi wanaomzunguka mpaka anageuka kurudi baharini na mayai yake tumboni. Kusini ya Msumbiji, katika ufuo wa Ponta do Ouro, magari ya watalii yalikuwa tatizo kubwa, na mwaka 2009 serikali iliunda huko hifadhi maalumu ya bahari. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, lakini ilikuja nyuma ya magari.

Ziko pia habari za kutia moyo. Watamu, nchini Kenya, hifadhi ya bahari imekuwapo tangu mwaka 1968, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna kazi ya kulinda viota katikati ya hoteli na kuwapa wavuvi malipo kidogo ya kuwatoa nyavuni kasa walionaswa ili waachiwe hai. Katika kisiwa cha Juani, jirani na Mafia, wageni huletwa kuwatazama watoto wa kasa wakitoka shimoni, na kijiji hupata sehemu ya fedha hizo. Hapo mgeni amewekewa utaratibu na mwenyeji, naye akaufuata. Mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini ili mwenyeji apone ni lazima awe amekaa nyumbani kwake kwanza, tena akiwa na funguo mkononi.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka ieleweke. Juani na Watamu mgeni alikuta mlinzi. Quiterajo, kama mambo yakiachwa yalivyo, mgeni atakuta ufuo mtupu ambao wenyeji wake wengi walikimbia, na wanaorejea wanarejea mikono mitupu. Aliyepoteza nyumba, mashua na nyavu hawezi kubishana na mwenye fedha juu ya mita 100 za mchanga. Atapiga sahihi mahali popote atakapoonyeshwa, na hatuna haki ya kumlaumu.

JESHI SI MLINZI WA KUDUMU

Wapo wanaosema, basi majeshi yaliyopo Cabo Delgado yafanye kazi hiyo. Pendekezo hili linatupa heshima, lakini kwa uaminifu hatuwezi kuliunga mkono, na sababu yetu tumeipata katika historia ya nchi yetu.

Uvuvi wa baruti uliisumbua pwani ya Tanzania kwa miongo mingi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 vyombo vya jeshi la wanamaji vilitumwa, na milipuko ikapungua sana. Operesheni ilipokwisha, wavuvi haramu walirudi, na katika muongo uliofuata hali ikawa mbaya tena. Nafuu ya kudumu zaidi ilianza kuonekana baada ya mwaka 2015, wakati polisi, maofisa wa uvuvi, wa misitu na waendesha mashtaka walipowekwa katika kikosi kimoja cha pamoja, na wakaanza kuifuata baruti tangu inakotoka badala ya kuusikiliza mlipuko baharini. Funzo ni wazi. Jeshi linaweza kununua muda, lakini haliwezi kuwa ndilo utaratibu. Vikosi vya SADC, vikiwamo vya Tanzania, viliingia Cabo Delgado mwaka 2021 na kumaliza jukumu lao mwaka 2024. Kila kikosi cha kigeni kina siku yake ya kuondoka. Kasa, anayehitaji miaka 30 kukomaa, hawezi kukabidhiwa kwa mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao.

Tena liko jambo ambalo sisi wenye sare yatupasa kulisema wenyewe kabla hatujaambiwa. Katika ufuo uliokombolewa, mgeni wa kwanza si mtalii, ni askari. Ni yeye anayewasha moto usiku, anayepita na gari juu ya mchanga, anayemulika kurunzi baharini, na ambaye akichoka na chakula cha mkebe huvutwa na yai. Lindo haliwezi kuachwa kwa ajili ya kasa, na hakuna mwenye akili atakayedai hivyo. Lakini amri za kudumu za kambi zaweza kusema kwamba magari yapite nyuma ya vilima vya mchanga pale hali ya usalama inaporuhusu, kwamba mioto isiwashwe ufuoni, na kwamba mayai na nyama ya kasa si posho ya mtu yeyote. Amri kama hiyo haina gharama, na raia anayerejea hujifunza sheria ya ufuo kwa kumtazama askari aliyemkuta hapo.

Kuhusu nyama, tuongeze neno moja kwa faida ya kila familia ya pwani. Nyama ya kasa mara nyingine hubeba sumu isiyoondolewa kwa kupikwa. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba ya Zanzibar, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila, na watu wengine 78 walilazwa hospitali. Mwaka 2021 watu 7 walikufa kisiwani humo humo Pemba kwa sababu kama hiyo. Kumlinda kasa ni pamoja na kuwalinda watoto wetu.

YANAYOPASA KUFANYWA

Nini basi kifanyike? Kwanza, mlinzi atangulie mgeni. Kabla ya kupimwa kiwanja chochote cha hoteli katika pwani ya Quiterajo na kisiwa cha Macaloe, viota vihesabiwe kwa misimu miwili mfululizo, na hesabu hiyo iwe mali ya kijiji na ya wilaya pamoja. Pale penye viota, leseni maalumu isitolewe ndani ya ule ukanda wa mita 100. Mwenye mradi mzuri hatashindwa kujenga nyuma ya ukanda huo na kuzifunika taa zake. Atakayeshindwa ametuonyesha mapema yeye ni mtu wa namna gani.

Pili, walinzi watoke katika vijiji. Msumbiji ina mabaraza ya wavuvi ya jamii, nasi Tanzania tunavyo vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za pwani. Vyombo hivyo vipo tayari, kinachokosekana ni mafuta, redio na posho. Mfano mzuri ni kijiji cha Itsamia kisiwani Moheli, ambako wanakijiji wenyewe, maskini kama sisi, walianza tangu miaka ya 1990 kujiunga na kulinda ufuo wao, ambao leo ni miongoni mwa fuo mashuhuri za kasa wa kijani katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Hawakungoja kwanza hoteli ya fahari.

Tatu, malipo ya mlinzi yasitegemee kitanda cha mgeni. Miradi mikubwa ya pwani, ya gesi na ya utalii, ichangie mfuko ambao mtaji wake unawekwa akiba, ili mwaka wa vita au wa kimbunga mlinzi apate posho ile ile anayoipata mwaka wa neema. Hili ndilo jambo gumu zaidi kati ya yote tuliyoyataja, kwa kuwa kila mtu hupenda kuigawa fedha ya akiba. Lakini pasipo hilo, mengine yote yatasimama siku ya kwanza ya dhiki, kama tulivyokwisha kuona.

Nne, Ruvuma usiwe ukuta. Upande wa Mtwara kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Maofisa wa pande mbili wanaweza kupeana hesabu za viota, namba za alama za kasa na majina ya wafanya magendo. Watu wa pwani hiyo, Wamwani na Wamakonde, wamevuka mto huo kwa biashara, kwa ndoa na kwa vita vya ukombozi. Taarifa za kasa hazitakuwa mzigo mzito kuliko mizigo waliyoibeba wakati ule.

Wako watakaosema haya yote yatachukua muda mrefu. Ni kweli. Katika kisiwa cha Aldabra, nchini Shelisheli, kasa alianza kulindwa mwaka 1968. Wakati huo ilikadiriwa kwamba viota kwa mwaka havikuzidi 3,000 hivi. Baada ya miaka 50 ya kulindwa pasipo kukatizwa, vilizidi 15,000. Aldabra haina kijiji wala hoteli kubwa, kwa hiyo kazi yake ilikuwa nyepesi kuliko itakavyokuwa kazi ya Quiterajo. Hata hivyo inathibitisha jambo moja: kasa hujibu. Ukimlinda bila kuchoka, hurudi.

Mwaka 1964 vijana waliofyatua risasi za kwanza kule Chai hawakuwa na hakika kama wataiona siku ya uhuru. Wengi wao hawakuiona. Walianza hivyo hivyo, kwa sababu nchi ilikuwa yao. Kazi ya ufuo wa Quiterajo, katika wilaya ile ile, haidai damu. Yadai watu wachache wanaojulikana kwa majina, posho isiyokatika, taa zilizofunikwa, na daftari. Viwekwe sasa, wakati ufuo ungali mtupu na mpima viwanja hajafika.